Aliyeingia Chumba cha Mvuke

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Gleb zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kugawana na watu wengine.

Ile nyambizi mnayoionea fahari niliipokea ikiwa bado inanuka rangi hapa hapa Severodvinsk, nikaiona ikirudi hapa hapa kukatwa vipande, na katikati yake tulizunguka chini ya barafu miaka nenda miaka rudi, tumebeba makombora ya kuteketeza miji ya watu tusiowajua, tukingoja amri ambayo, Mungu ashukuriwe, haikuja. Basi. Huo ndio utumishi wake wote. Ikazeeka kama bomba la choo, ikang'olewa mtambo wake wa nyuklia, ikawa chuma chakavu, na wakubwa wakabandikana nishani vifuani kama watoto wanaogawana peremende.

Ledenyov mnamjua, aliyekuwa nahodha wetu, siku hizi admirali mstaafu mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni. Bomba la mvuke lilipopasuka kando ya mtambo, yeye alijifungia chumbani kwake, eti anatafuta mawasiliano na makao makuu. Chini ya barafu, ambako hata redio haipiti! Aliyeingia mle kwenye mvuke kufunga vali ya bomba ni Anvar Sabirov, fundi wangu, akatoka ameungua mpaka sauti, akafia mikononi mwangu. Tulipofika nchi kavu, Ledenyov akaripoti kwamba Anvar alikuwa amelewa na ndiye aliyelivunja bomba. Nilikataa kutia sahihi, nikanyimwa cheo mpaka nastaafu, wala sikujuta hata siku moja.

Juzi amenijia na chupa ya konyaki. "Rodion, ndugu yangu, hayo yamepita," akaniambia. "Wanafungua jumba la makumbusho ya nyambizi yetu. Wewe sema tu kwamba niliyeingia ni mimi." Nikamwambia, "Toka, kabla sijakutapikia viatu." Ndipo akaja kwako, Gleb. Usiinamishe kichwa. Najua amekuahidi kazi, ili nikishakufa useme baba alikubali.

Sasa shikeni maneno yangu. Nyumba hii ni yako, Lidiya binti yangu, uliyeniuguza. Gari na gereji ni vyako, Gleb. Kile kishamba cha nje ya mji, pamoja na kibanda chake, mpeni Zulfiya, mjane wa Anvar, na asitokee mtu wa kumpigia kelele. Msinivishe sare. Ledenyov akija mazishini, asipewe hata glasi ya vodka... Lidiya, maji. Kidogo tu.

Gleb, nani aliingia?

"Baba, pumzika kwanza."

Nakuuliza, nani aliingia!

"Anvar Sabirov, baba."

Basi kawaambie hivyo hivyo huko makumbusho. Kazi ukiikosa, utapata nyingine. Nipe mkono... una baridi, au ni wangu. Mungu awalinde, wanangu, awape watoto wasiojua kujikomba... Na ule ufunguo wa kibanda, mpelekeni Zulfiya leo. Msinisubiri mimi... leo hii.