Vigelegele vya Ng'ambo ya Mto

Benchi letu liko mbele ya hoteli ya Gatwiri, hapa Kanyakine. Kahawa tunailima wenyewe lakini tunachokunywa ni chai, na mtu asituulize kwa nini. Tangu upepo uangushe mlingoti wa mtandao simu zote zimekufa, na anayeumia zaidi ni Kobia. Binti yake Nkirote ameolewa ng'ambo ya mto, alikuwa wa kujifungua wiki hii, tena ana presha. Na kwetu baba hafiki kwa wakwe kuona mtoto kabla ya kuitwa. Basi asubuhi yote Kobia anainua simu juu, anaishusha, anaipuliza, mpaka tumechoka naye.

Bandol, yaani Ishmael muuza bando, ambaye sasa hana cha kuuza, ndiye alianza.

Bandol: Kwani watu wa zamani walikuwa wanafanya aje bila simu?

Diwani ni Muthamia. Aliwahi kuomba kura za wodi akapata za nyumbani kwake tu.

Diwani: Pembe. Babu yangu alikuwa anapuliza pembe hapa, mtu wa Karurumo anajibu.

Kobia: Karurumo ni Embu, Diwani! Hata gari inachoka kufika.

Diwani: Siku hizo hakukuwa na kelele. Sauti ilikuwa inapita tu.

Kobia: Mimi sitaki pembe. Nataka kujua kama mtoto wangu ako hai.

Bandol: Redio, mzee. Ulikuwa unanunua kadi ya salamu, unaandika majina, mtangazaji anakusomea. Baba yangu alisalimia mama hivyo mpaka wakaoana.

Kobia: Na walikuwa wanakaa wapi?

Bandol: Ploti moja.

Vigelegele vikapanda tena kutoka bondeni.

Diwani: Nani huyo anapiga makelele tangu asubuhi?

Bandol: Si ni siasa? Kuna mtu anagawa unga huko.

Akaongeza sauti ya redio yake. Nilimwambia apunguze, akaongeza zaidi.

Diwani: Halafu kulikuwa na mbuzi. Wazee walikuwa wanambadilishia kengele. Akivuka mto, wakwe wanasikia, wanajua ni harusi ama ni matanga.

Mimi: Na akichinjwa njiani?

Diwani: Hapo sasa ni kama umekosa netiwaki.

Bandol: Mbuzi ni ya juzi. Wale wa kale kabisa walikuwa wanaota. Unalala na swali, unaamka na jibu.

Kobia: Mimi hata kulala silali! Nyamaza, Bandol. Wewe na hiyo mbuzi ya Diwani, nyamazeni wote!

Hapo ndipo Karwirwa alitokea kwenye kona, sketi imelowa maji ya mto. Ni mama ya Mutugi, mume wa Nkirote. Kobia alisimama chai ikamwagika.

— Muga, wazee, akatusalimia. Sauti ilikuwa imekauka.

— Muga, Mama Mutugi.

— Zimeni hiyo redio kwanza.

Bandol akazima.

— Nimesimama kwa shamba langu la kahawa tangu jua litoke, napiga vigelegele. Hamkusikia?

— Tulisikia, Kobia akasema polepole.

— Haya. Nilipigia msichana ama kijana? Si vinahesabiwa, vya kijana mbali na vya msichana mbali?

Diwani akachungulia kikombe chake. Bandol akasema kijana, kisha akasema msichana. Mimi nimezaliwa hapa hapa, mama yangu alipiga vigelegele kwa kila mtoto wa kijiji, na sikujua hesabu yake. Niliona aibu sana.

Kobia akamsogelea.

— Wacha hiyo kwanza, mama. Nkirote ako aje?

— Ako sawa. Amekunywa uji. Anauliza mbona baba hajafika.

— Nilikuwa nangoja kuitwa.

Karwirwa alimtazama, akatazama simu iliyokuwa mkononi mwake.

— Baba Nkirote, si nimekuita tangu asubuhi?