Boneti Iliyopakwa Mafuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Leo msiitikie kwa kelele, maana hili bado linaniuma. Mimi Mama Neema, muuguzi wa zahanati kule Mtawanya, nimekuja na fimbo hii mnayoiona, na nimekuja bila mume wangu.

Sisi si wa huku. Tulitoka Njombe, Baba Neema akapangiwa kufundisha, tukazoea joto na mbu mpaka tukajiona wenyeji. Gari tulilipata kwa kujinyima. Halafu ng'ombe wa wafugaji akakatiza barabara, boneti ikakunjika yote. Ya aina yake haikupatikana Kibiti. Fundi wa bodi akatuletea ya faiba, ile kama plastiki ngumu, nyepesi, rangi safi. Ila ile ndoano ya pili, inayobaki kuishika boneti loki kubwa ikiachia, haikukaa. Fundi alisema wazi turudi akipata inayofaa.

Hatukurudi. Gari tulilileta hapa kanisani, mnakumbuka. Tuliimba, mchungaji akaipaka mafuta boneti mpya, kila mtu akaiwekea mkono. Mume wangu akaona kazi imekwisha.

Baadaye trafiki mmoja alitusimamisha njia ya Ikwiriri. Akafungua boneti, akapapasa kwa vidole, akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa hapana ndoano. Sheria hairuhusu, lakini hata sheria tuiache. Siku ikifunuka hii, hutaona mbele." Baba Neema akamjibu kwamba gari lile limeshakabidhiwa kwa Mungu. Yule trafiki akatikisa kichwa, akatuachia kwa heshima ya ualimu. Laiti angelizuia!

Ndugu zangu, ilifunuka. Tulikuwa tunakwenda msibani, lori likatupita kwa kasi, upepo wake ukainyanyua. Kishindo kimoja, kioo chote kikazibwa. Mume wangu aliita, "Yesu!" na sikumsikia tena. Gari likaingia mtaroni. Faiba ilipasuka vipande vyenye ncha, mguu wangu ukabanwa, Neema analia nyuma. Waliotutoa ni wanaume waliokuwa wakitoka msikitini. Mmoja alichana kanzu yake akanifunga mguu damu isitoke. Jina lake silijui mpaka leo, namwombea kila siku.

Baada ya maziko wakaja watu kuniambia tumerogwa, nikemee, nichunguze jirani gani anatuonea kijicho. Jamani, giza nililoingia! Nilikuwa siwasalimii watu, chakula cha jirani namwaga, mtoto namfungia ndani. Usiku mmoja nilimlilia Mungu, nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Hapo ndipo ikanijia sauti ya yule trafiki, neno kwa neno. Mungu hakunyamaza. Alisema nasi barabarani, mchana kweupe, na sisi tukamjibu kwa jina lake mwenyewe.

Siku hiyo hofu ya wachawi ilinitoka. Huzuni haikutoka, na sitawadanganya kwamba itatoka. Lakini ninalala, Neema yuko hai, na majirani zangu ni majirani tena. Kwa hilo namshukuru Mungu, nanyi nawasihi mmtumaini, pamoja na wale anaowatuma kutuonya.

Gari jipya la kwaya, tunalotaka kuliombea leo, liko pale nje na utepe wake, boneti yake ni ya kupachika kama yetu. Mchungaji, chupa ya mafuta nimeiona mezani. Naomba tutoke kwanza, boneti ifunguliwe, niingize mkono wangu mwenyewe. Nikiigusa ndoano, mimi nitakuwa wa kwanza kusema amina.