Jina Juu ya Keki

Fundi wa friji alipoona jirani yake wa kiti basini amekumbatia boksi mapajani, alimuuliza kama kabeba vifaranga.

"Keki," mwanamke akajibu. "Ya fondanti, ile sukari laini inayovishwa keki kama shuka. Baba angetimiza miaka sabini leo. Tumemzika jana."

Fundi akavua kofia. Lakini fundi si mtu wa kukosa ushauri. "Pole sana, dada yangu. Basi ukifika iweke kwenye friji."

"Fondanti haitaki friji, kaka. Ukiitoa tu inatoka jasho, rangi zinachuruzika. Jina la Baba nimeliandika juu kwa mkono wangu. Mdogo wangu hakuwahi maziko, yuko njiani. Nataka alikute."

"Friji nzuri haitoi jasho."

"Keki ndiyo inayotoka jasho. Inataka boksi la karatasi na mahali pakavu, pasipo joto wala jua."

"Nimezeekea kwenye friji, leo naambiwa hazifai."

"Kwa samaki zinafaa."

Hilo fundi alilimeza kama shubiri. Basi likakata kona, jua likaingia dirishani na kulala juu ya boksi. Akavua koti, akaliziba nalo dirisha, mikono juu kama mtu anayepekuliwa na askari.

"Lakini friji za siku hizi, dada..." akaendelea.

Kituo cha fundi, alichomtajia kondakta, kikapita. Kingine kikapita. Basi lilipozima injini mwisho wa njia, bado alikuwa anaitetea friji, na koti halijashuka.