Mabosi Waliopewa Vyeti na Bi Crocetta Sparacino

Baba Paroko, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa manispaa, na ninyi wasomaji mliotoka mbali mkaja na vitabu vyenu mkononi, mimi ni Ignazia Sciortino, binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma kwa sababu mdogo wangu Onofrio asingeumaliza ukurasa wa kwanza bila kulia.

Marehemu Crocetta Sparacino alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 hapa hapa Serracalda, mkoa wa Agrigento, katika nyumba ya Mtaa wa Kisima, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Bwana Accursio Sparacino, mchimbaji wa salfa, na Bi Vita Cangialosi, aliyekuwa akichuma lozi katika mashamba ya watu, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, jina lake, ambalo maana yake ni msalaba mdogo, halikuhitaji kikao.

Alisoma shule ya msingi ya masista kuanzia mwaka 1957 hadi 1962, akaendelea na shule ya kati, kisha akahitimu stashahada ya uhasibu mjini Agrigento mwezi Julai 1970, akienda na kurudi kila siku kwa basi la alfajiri, na ndani ya basi hilo, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifunza kusikiliza mazungumzo ya watu bila kugeuza shingo, kipaji ambacho kilimfaa baadaye kuliko uhasibu.

Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa na manispaa katika ofisi ya vizazi, ndoa na vifo, akakaa hapo miaka arobaini na miezi mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012, na wengi wenu mlioketi hapa mmeandikwa duniani kwa mkono wake, kwa mwandiko ule uliolala kidogo upande wa kulia, na wazazi wenu alishawasomea majina yenu mara mbili kwa sauti kabla hajagonga muhuri, maana alikuwa akisema kwamba jina likishaandikwa vibaya, mtu anazeeka nalo.

Alifunga ndoa na Bwana Baldassare Sciortino, fundi wa mitambo ya kukamua zeituni, tarehe 24 Oktoba 1976 katika kanisa hili, msimu wa mavuno ukiwa umepamba moto, hivyo bwana harusi alichelewa dakika arobaini kwa sababu mtambo ulikwama, akafika madhabahuni ananukia mafuta mabichi, na bibi harusi hakusema neno, ila alilisema kila mwaka siku kama hiyo kwa miaka arobaini na saba. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1978 na Onofrio mwaka 1981, nikapewa jina la bibi mzaa baba naye akapewa la babu mzaa baba, kama desturi yetu inavyotaka, na desturi hiyo naomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo iliyotaka kutuhamisha mji.

Marehemu alianza kuandika riwaya za mapenzi mwaka 1999, na mwezi Oktoba 2005 kikatoka kitabu cha kwanza cha mfululizo wa *Mabwana wa Mlima Mkavu*, kwa jina la kalamu la Diana Montalba, jina ambalo lilikuwa siri kwa muda wa siku nne, maana muuza magazeti alimtambua kwenye picha ya jalada la nyuma ingawa alikuwa amevaa kofia. Wapo waliojiuliza mwanamke wa ofisini, mwenye soksi nene na mkoba wa kahawia, aliwapata wapi mabosi wa mafia wenye mabega yale, na leo familia inaona si vibaya kueleza.

Kila mhusika alifunguliwa kadi, kama mtoto aliyeletwa kuandikishwa, ikiwa na jina, wazazi, saa ya kuzaliwa, chanjo, na mashahidi wawili, na mhusika asiye na mashahidi hakuruhusiwa kufungua mdomo. Mwili aliuokota vipande vipande, kwa sheria kwamba mtu mmoja asichangie zaidi ya kipande kimoja, kwa hiyo mikono ni ya kinyozi Saverio, ambaye anaijua habari hii leo kwa mara ya kwanza, mwendo ni wa golikipa wetu wa zamani, na sauti ni ya marehemu Padre Rosolino, aliyekwenda zake mbinguni bila kufahamu kwamba sauti yake ya mahubiri iliwanyima usingizi wanawake wa Italia nzima. Macho hayakubadilika katika kitabu chochote, yalikuwa ya mzee Baldassare, na machozi yalikuwa ya Onofrio.

Wale wa kweli, ambao hapa kwetu tuliwajua bila kuwataja, hakuwachukulia hata ukucha, kwa sababu mwaka 1984 walichoma duka la mbao la baba yake mdogo, na tena, alisema, walikuwa watu wa kuchosha, hawana maneno, wanakula wakiangalia mlango, huwezi kumpenda mtu wa namna hiyo hata kwa kurasa kumi. Paroko aliyepita alipomuuliza kwa nini anawapamba mbwa mwitu, alijibu kwamba hakuna bosi wake aliyefika sura ya mwisho bila kuacha kazi hiyo na kuuomba msamaha mji mzima, na kwamba angalau kwenye karatasi wanafanya anavyotaka yeye.

Majina ndiyo aliyoyaogopa kuliko yote, kwa kuwa alijua jina ni mali ya mtu. Kila tarehe 2 Novemba, wenzake wakipeleka maua makaburini, yeye alipeleka maua na daftari, akatafuta kaburi lisilo na mgeni, kisha kesho yake akapekua rejista za manispaa kuhakikisha hakuna aliye hai mwenye jina hilo. Ndivyo alivyompata Gaspare Terrasi, aliyefariki mwaka 1958, ambaye mwanawe wa pekee alihamia Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe mwaka 1948 na hakurudi, na rejista zilipokuwa kimya, marehemu alimpa jina hilo bosi wa kitabu cha tatu, mwaka 2009, yule mtu mrefu, mwenye mvi, asiyepaza sauti, ambaye wasomaji walimpenda kupita wote.

Hapo mwandishi wetu, aliyeandikisha wajukuu kwa majina ya babu zao miaka yote hiyo, alisahau kwamba Ubelgiji nako watoto wa Serracalda huzaa wana, na wana hao hupewa jina la babu. Mwezi Agosti 2013 akashuka uwanjani pale Gaspare Terrasi mwenyewe, mstaafu, amerudi kuishi katika nyumba ya babu yake, mrefu, mwenye mvi, amevaa miwani myeusi na anaendesha gari jeusi, na hakupaza sauti.

Ndugu zangu, miwani ilikuwa ya daktari baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho, gari alilinunua mkononi kwa muuzaji wa majeneza, na ukimya ulikuwa wa mtu aliyeisahau lugha ya nyumbani na anaona haya kukosea. Lakini nani kati yetu aliuliza? Tuliambiana kwamba Crocetta alikuwa akijua mambo, kwamba kitabu ni habari ya kweli iliyovalishwa gauni, na mchinjaji akaanza kumkatia Bwana Gaspare nyama laini ya mbele, watu wakamwachia foleni, wazee wa klabu wakashindwa karata kwa makusudi, na kila mtu akamwita Don. Nyumbani kwetu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sisi tuliamini amerudi kwa ajili ya kitabu. Marehemu aliacha kuandika kitabu cha tano katikati ya sentensi, mzee Baldassare akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kazini, na kwa miaka miwili na miezi mitano tuliishi tumefunga mabegi moyoni.

Tarehe 6 Januari 2016, saa nne asubuhi, Bwana Gaspare alibisha hodi. Marehemu alifungua mwenyewe, akatuambia mimi na baba tukae jikoni, nasi tukakaa jikoni mlango wazi. Mgeni aliketi ukingoni mwa kiti, akaivua miwani, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kitabuni hata kidogo.

"Bi Crocetta, mimi ni fundi lifti. Miaka thelathini na minane nimepandisha watu na kuwashusha, sijamtisha hata mmoja. Naomba uniue."

Baba, aliyekuwa amesimama na birika la kahawa, alitafuta kiti. Mgeni akaeleza kwamba alimaanisha kwenye kitabu, kwamba wakimsoma amekufa labda watamwacha aishi, kwamba hajalipia kahawa yake tangu arudi na hajashinda karata kihalali, na hayo angeyavumilia, ila kuna jambo moja lililomshinda, nalo ni Bi Ninfa Gulotta, mshonaji, mjane, ambaye alitaka kumposa.

"Nikimuuliza atasema ndiyo," alisema. "Hapa wote wananiambia ndiyo. Nitajuaje kama amenipenda au ameniogopa?"

Marehemu, aliyeandika vitabu vinne vya mapenzi, alikuwa amemwekea mtu wa kweli kizuizi ambacho asingemwekea mhusika wake, na tulimwona akikunja na kukunjua kitambaa cha meza. Akamwambia kwamba hatamuua, kwa kuwa bosi akifa kitabuni anageuka mtakatifu, watamlilia na kumheshimu maradufu, ugonjwa huu umekaa mtaani na utatibiwa mtaani, na akamsihi asimuulize Ninfa chochote mpaka Pasaka.

Tarehe 18 Machi 2016, mkesha wa Mtakatifu Yosefu, foleni ya mikate pale kwa Bi Melina ilifika hadi chemchemi, Bi Ninfa akiwa katikati, na Bwana Gaspare alipotokea watu wakapisha kama kawaida, naye, akiwa ameshazoea kwamba kukataa kunawatisha zaidi, akasogea mbele kichwa chini. Marehemu alikuwa wa tatu. Aligeuka, akamshika mkono wa koti.

"Wewe, unakwenda wapi? Foleni ina mkia, na mkia uko kule. Sote tuna miguu inayouma hapa."

Mimi niliyekuwa na kikapu nilitamani nizame. Bwana Gaspare alivua kofia, akasema, "Samahani, mama, umesema kweli," akarudi nyuma hatua kwa hatua, akasimama nyuma ya watoto wa shule, anatabasamu. Halikutokea lolote. Dakika kumi baadaye bibi mmoja alimwambia aondoe kikapu chake njiani, jioni wazee wa klabu walimfunga michezo mitatu mfululizo na kumlipisha kahawa ya meza nzima, na sisi usiku ule tulilala, wote, hadi jua likapanda.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 28 Machi, alimposa Bi Ninfa, akakataliwa, na alasiri alikuja kwetu na keki ya jibini na matunda ya sukari, akitaka tusherehekee kwa sababu ameambiwa hapana. Akakataliwa tena mwaka uliofuata, akaleta keki nyingine. Walifunga ndoa tarehe 15 Septemba 2018, na wamekaa hapa, benchi la pili.

Marehemu alimaliza kitabu cha tano mwaka 2017, cha sita mwaka 2020, na cha saba, ambacho ni cha mwisho, alikimaliza mwezi Januari mwaka huu. Afya yake ilianza kuzorota Oktoba 2023, ikagundulika saratani ya kongosho, akalazwa Agrigento tarehe 12 Februari 2024, na akafariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili na miezi kumi. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliomficha kalamu usiku ili alale, inawashukuru wafanyakazi wa ofisi ya vizazi na vifo, walioandika jina lake jana na kulisoma mara mbili kwa sauti, inamshukuru mhariri wake aliyesafiri kutoka Milano, na majirani mliotuletea chakula siku zote hizi ili jiko la msiba lisiwashwe, ingawa tunaomba supu ya maharage sasa ipumzike.

Wa mwisho kushukuriwa ni Bi Ninfa. Siku ya Jumanne, tarehe 5 Machi, alikwenda hospitali kumpunguzia mama gauni la kulalia, kwa kuwa mwili ulikuwa umekwisha, na mama, ambaye tulidhani jambo lile liliisha miaka minane iliyopita, alimshika mkono wenye sindano ya kushonea.

"Ninfa, niambie kweli, sina tena muda wa adabu. Ndiyo yako ilikuwa ya mapenzi au ya woga?"

Bi Ninfa alikata uzi kwanza.

"Mtu unayemwogopa humkatai, Bi Crocetta. Mimi nilimkataa mara mbili, na mara zote mbili nilisimama dirishani nikamwona anakwenda zake anapiga mluzi. Nikasema, huyu naweza kuishi naye."

Mama alifumba macho, akasema, "Basi," na tangu saa ile hadi alipoondoka hakuuliza tena neno.

Mama, jibu umekwenda nalo. Pumzika nalo kwa amani.