Landrova ya Mahari

Pale Bomani, pembeni ya duka la spea za baiskeli, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo tunakunywa kahawa ya Mama Kezia na kumaliza mambo yanayowashinda wenye ofisi. Mimi wananiita Gazeti, maana habari ikinipita mimi basi haikutokea. Jumamosi hii Machage wa Nyamwaga alituletea Landrova yake ya zamani, akaipaki mbele yetu. Gari hilo tunalijua wote. Zablon alilitoa mahari, badala ya ng'ombe, alipomwoa Rose, dada yake Machage. Sasa Machage naye anataka kuoa, na baba wa binti amekataa chuma, anataka kitu chenye mkia. Kwa hiyo gari liuzwe, ng'ombe wapatikane. Mnunuzi ni Ngeleja, Msukuma aliyekuja huku kutafuta dhahabu, na dhahabu ikamwona. Anasema kuna kambi ya watalii upande wa Serengeti wanataka Landrova ya kale, lakini iwe orijino. Ya kuungaunga hawaichukui hata bure.

– Wazee, – akasema Ngeleja, akigonga bodi kwa kidole, – mimi mawe nayajua, magari siyajui. Hii ni orijino?

– Kama ilivyotoka tumboni kwa mama yake, – akajibu Machage.

Batholomeo akaweka kikombe chini. Tunamwita Injinia, uinjinia alipewa na benchi, si na chuo.

– Orijino kabisa. Hiyo giaboksi niliifunga kwa mikono yangu hii.

– Uliitoa wapi?

– Kwenye Landrova nyingine, iliyopinduka njia ya Sirari. Lakini Landrova kwa Landrova, mura, kijana wangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Machage akamkanyaga mguu. Injinia akadhani anapongezwa.

– Hata huo mlango wa kushoto niliuchonga mwenyewe, kwa bati la tangi la maji. Hakuna anayeweza kuujua.

– Mimi nimeujua, – akasema Ngeleja. – Umeandikwa LITA ELFU MOJA.

Hakimu akakohoa. Huyu ni Stanslaus, aliyewahi kufagia mahakamani, na sheria zikambakia kwenye ufagio.

– Sheria iko wazi. Haba na haba hujaza kibaba. Ukibadilisha kidogo kidogo, gari lenyewe halijui. Kosa ni kubadilisha yote siku moja.

– Na injini?

Injini ya kwanza inasaga mahindi Nyambureti. Shemeji yangu anakula ugali wake kila siku. Iliyomo ni ya Toyota.

– Injini ni mgeni, – akasema Hakimu. – Na mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikaona Machage anazama, nikaingia mwenyewe majini.

– Ngeleja, sikiliza. Chuma kinaoza. Orijino ni tabia. Mwaka ule wa mvua nyingi niliendesha hili gari usiku, nikasinzia kwenye usukani. Nilipoamka limesimama mbele ya zizi la Zablon, kule kule lilikotoka, linaunguruma kama ng'ombe aliyekumbuka kwao. Gari feki lingejua kwao?

– Lilikuwa na injini ipi?

– Ya Toyota.

– Basi Toyota ndiyo inayojua njia.

Injinia hakukubali.

– Ng'ombe wa mahari akifa akaacha ndama, huyo ndama si ndiye ng'ombe? Basi mlango umezaa mlango.

– Na tangi je, ndilo dume? – akauliza Ngeleja. – Bwana Machage, kwa watalii hili limekwisha. Lakini la kubebea mawe litanifaa. Nakupa ng'ombe watano.

Machage alikuja akitegemea kundi. Akauma mdomo, akanyoosha mkono.

Bodaboda ikasimama. Akashuka Rose, ana begi na sufuria zake zimefungwa kwenye kitenge.

– Shikamooni.

– Marahaba.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba, kwa hiyo hatukuuliza anatoka wapi wala kwa nini.

– Kaka, kwa Zablon sirudi tena. Kesho wazee wake wanakuja Nyamwaga kuchukua mali yao. Wamesema hawataki ng'ombe wala nyingine yoyote, wanataka ile ile waliyoitoa. Isiporudi, mimi bado ni mke wao.

Ngeleja akarudisha mkono wake mfukoni.

– Ndiyo hii hapa, – akasema Machage, sauti haikufika mbali. – Orijino.

Rose akalizunguka gari polepole. Akafika upande wa kushoto, akausoma mlango mpaka mwisho.

– Mimi nilitoka nyumbani, gari likabaki badala yangu, – akasema. – Hilo lililobaki liko wapi?

Injinia akaitazama mikono yake. Hakimu akatafuta methali. Mimi, ambaye habari hainipiti, nikainua kikombe ninywe ili nisijibu, na kikombe kilikuwa kitupu.