Bolti ya Kumi na Mbili

Pale barabara ya Sitalike inapoanza kuuaga mji wa Mpanda, ubavuni mwa gereji ya Arcade, kuna benchi la mninga lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Kila asubuhi Rozalia huweka hapo jiko lake na birika la kahawa, na wenye benchi hufika kabla maji hayajachemka. Yupo Deogratias, waliyempachika jina la Bunge kwa sababu hoja yake haifungwi. Yupo Richard wa bodaboda, Redio, ambaye habari humfikia kwanza na ukweli baadaye. Na Jumamosi ile alikuwepo Evarist, wanayemwita Karani kwa ajili ya daftari la ukoo analotembea nalo kwapani: nani kazaliwa lini, nani kaoa wapi, nani alizikwa mvua ikinyesha. Hakuja kunywa kahawa. Noah yake ilikuwa imefunuliwa boneti, rejeta chini, pampu mpya ya maji imebandikwa kwenye injini, na saa tisa alasiri alitakiwa awe Majimoto kupeleka posa ya Wiliam, mtoto wa marehemu kaka yake. Mwezi uliopita gari lilichemka njiani, wakafika wazee wa binti wameshatawanyika. Ujumbe uliorudi ulikuwa mfupi: mkichelewa tena, msije.

— Karani, kunywa kahawa, alisema Bunge. Gari haliponi kwa kutazamwa.

— Sinywi. Saa ngapi?

— Umeuliza sasa hivi. Ilikuwa saa nne kasoro tano. Sasa ni kasoro nne.

Arcade alitoa kichwa chini ya boneti. Alikuwa mtu wa Katumba, mpole, asiyejua kumkatalia mtu.

— Wakubwa, kuna jambo. Bolti zote tano zimekaza, lakini pampu inacheza.

— Zimekaza, halafu inacheza? Evarist aliuliza.

— Spana haizunguki tena hata robo. Ila pampu ukiishika, inatikisika kama jino la mtoto.

— Zile bolti za zamani ziko wapi?

Arcade alimtazama Redio. Redio alimtazama Bunge. Bunge alianza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Kulikuwa na kopo, alisema Arcade.

— Kopo lenyewe lilikuwa na kutu, Bunge alidakia. Jamaa wa vyuma chakavu kapita, kauliza kama kuna kitu. Nikamsaidia fundi usafi.

— Ukampa bolti zangu.

— Nilimpa kopo, Karani. Bolti zilijiendea zenyewe. Chanda chema huvikwa pete.

— Chanda kinaingiaje hapo?

— Kinaingia tu.

— Mimi msinitie humo, Redio alisema. Nilitumwa dukani bolti ya kumi na mbili, nikaleta bolti ya kumi na mbili. Spana ya kumi na mbili inazishika zote tano. Jaribuni.

Alisema kweli. Mjini Mpanda, bolti hupewa jina la spana inayoifungua. Ukishasema ya kumi na mbili, muuzaji haulizi la pili, na Redio naye si mtu wa kuongeza la tatu.

— Basi tatizo ni lugha, alisema Bunge. Injini ya Kijapani, bolti ya Kichina. Zinasalimiana, hazielewani.

— Wapi. Pampu mpya lazima icheze, Redio alisema. Injini ikipata moto, chuma kinavimba, kinabana. Nyie hamjiulizi kwa nini kule Majimoto magari hayaangushi nati? Maji ya moto yanatoka ardhini. Chuma chote cha kule kimeshavimba.

— Kwa hiyo mpaka nifike Majimoto ndipo pampu ikaze?

— Ndivyo. Safari ndiyo dawa.

— Na likinizimikia njiani, ndani ya hifadhi ya wanyama?

— Lizimikie pale Sitalike, kwenye viboko, Bunge alimpa moyo. Kiboko hagusi gari linalovuja. Anajua ni mwenzake.

Rozalia aliinamia jiko lake ili asionekane anacheka. Evarist hakucheka. Alikuwa akihesabu kilomita.

— Tuache utani, alisema Bunge, na hapo ndipo Evarist alipoanza kuogopa. Haba na haba hujaza kibaba. Bolti inataka nguvu tu. Arcade, leta lile bomba.

Bomba lilikuwa kipande cha chuma chenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Ukilivisha kwenye mpini wa spana, hata mtoto anakuwa na nguvu za watu watatu. Evarist aliyajua mabomba. Katika daftari lake, ukurasa wa mwaka alioaga dunia baba yake, kulikuwa na mstari mmoja: Trekta, bloku ya injini imepasuka kwa bomba, aliyekaza hataki kutajwa. Injini ikipasuka leo hakuna Majimoto, hakuna posa, na Wiliam atabaki kupikiwa na shangazi zake mpaka aote mvi. Lakini saa zilikwenda, na njia nyingine hakuiona.

— Polepole, Arcade, alisema.

Arcade alivisha bomba kwenye spana.

— Hodi hapo kwenye kahawa.

Alikuwa mama wa makamo, mtu wa mbali kidogo kwa lafudhi yake, na kichwani amebeba mzigo wa fagio za njiti. Alijitambulisha kuwa ni Nyamizi, akapokea kikombe, akasimama kutazama kama watu wote wanavyotazama gari lililofunuliwa.

— Samahani, baba zangu. Hayo mashimo yana kina gani?

Bunge aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu Rozalia aanze kuuza kahawa pale, aliinuka benchini kwenda kuchungulia injini.

— Ni ya kumi na mbili, mama, alisema Redio.

— Hicho ni kichwa. Mimi nauliza shimo.

— Kwani wewe unajua magari?

— Sijui hata namna ya kufungua mlango wake. Marehemu mume wangu alikuwa fundi vitanda. Ncha ya ubao ikiwa ndefu kuliko shimo lake mguuni, inagota ndani kabla ubao haujabana. Wewe unasema umekaza, kumbe kitanda kinacheza.

— Hapo kwenye kitanda kucheza, mama, rudia polepole, alisema Redio.

— Kinacheza hata kwa anayelala peke yake kama wewe, mwanangu.

Safari hii Rozalia hakuinama. Arcade naye alishachomoa bomba, akaliegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayerudisha kisu kabla hajaonekana nacho. Alifungua bolti zote. Nyamizi alichomoa njiti tano kwenye ufagio mmoja. Arcade akazipitisha moja moja kwenye matundu ya pampu mpaka mwisho wa shimo, akazikata usawa wa pampu, akazipanga kwenye benchi. Mbili zilikuwa ndefu, tatu fupi. Bolti za Redio zilikuwa ndefu zote. Kwenye zile njiti fupi, kila bolti ilizidi kwa upana wa ukucha.

— Redio, rudi dukani na njiti hizi tatu fupi, alisema Evarist. Bolti iwe fupi kidogo kuliko njiti yake, isigote.

— Nikifika niseme ya ngapi?

— Usiseme. Onyesha.

Redio alirudi na bolti tatu fupi. Spana ikazunguka kwa ulaini, ikabana, na pampu ikatulia kama jiwe la kusagia. Rejeta ikarudishwa, maji yakajazwa, injini ikaungurumishwa mpaka ikapata moto. Hapakudondoka tone. Ilikuwa saa tano na nusu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Bunge.

Wote walimgeukia.

— Mbona mnanitazama hivyo?

— Leo methali imeingia, alisema Evarist. Kisha akamgeukia mgeni. Mama, tumekuharibia ufagio.

— Ufagio uliopungua njiti tano bado unafagia. Mnakimbilia wapi?

— Majimoto, kupeleka posa ya kijana wangu. Wazee wa kule ni wakali wa saa.

— Hongereni. Na binti mwenyewe anasemaje?

Redio alikagua tairi la pikipiki yake. Bunge alinyoosha kikombe. Rozalia akainua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu.

Evarist alifungua daftari. Ukurasa ule alikuwa ameuandika kwa mistari iliyonyooka: wazee sita wa Majimoto kwa majina na majina ya baba zao, nani asalimiwe kwanza, nani asikalishwe karibu na nani. Kuhusu mchumba aliandika neno moja, "binti". Alitoa simu.

— Wiliam. Mchumba wako anaitwa nani?

— Anaitwa Dina, baba mdogo. Kuna tatizo?

— Na yeye anasemaje?

Wiliam alishusha sauti.

— Anasema mkichelewa tena, atakuja mwenyewe.

Evarist alitafuta nafasi juu ya majina ya wale wazee sita, akaandika Dina. Kisha akafunga boneti.