Bi Vipimo na Kiambatisho Kisichosomwa

Ndugu, jamaa, majirani na waheshimiwa mliofika kumsindikiza, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa familia. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemwachia kazi hii. Alisema, "Wewe hujui kuficha jambo, utanifaa."

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Bi Vipimo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi bomba na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1980, na mwaka 1985 akahitimu uhandisi wa maji, mwanamke pekee darasani. Ukimwambia mtungi ni mkubwa, alikuuliza unaingia lita ngapi.

Tarehe 12 Desemba 1987 aliolewa na mwalimu wa hesabu. Siku hiyo alikataa katakata kukaa kwenye jukwaa la maharusi. Mashemeji walinuna, mawifi wakasonya. Bwana harusi akavua koti, akaingia chini ya jukwaa, akatoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Nati nne za kufungia nguzo zake hazikuwepo. Viti vikashushwa chini na shangwe zikaendelea. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Alipima mabwawa ya wizara ya maji kwa miaka ishirini na moja. Mwaka 2007 akaitwa bungeni, mtu wa kwanza asiye mwanasheria katika ofisi inayowashauri wabunge. Alipewa chumba kati ya mashine ya kunakili na choo. Miezi ya mwanzo wabunge walimletea simu zao. "Si wewe ndiye mtu wa sayansi? Hebu niangalizie hii, haishiki chaji." Alizitengeneza, maskini, kisha akawaomba wakae dakika tano awaeleze habari za maji. Wachache walikaa.

Ofisi ile ina utaratibu wake. Ushauri kwa kamati hauzidi ukurasa mmoja, na ukurasa huo hauna tarakimu, kwa kuwa waheshimiwa eti huchoshwa nazo. Hesabu zote huwekwa kwenye kiambatisho, nacho hukaa kabatini kwa karani mpaka mjumbe akiombe. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeomba.

Mwaka 2018 kamati ilijadili fedha za kukagua bwawa lililo juu ya mji wetu. Tangu 2012 maji yalikuwa yakivuja chini ya tuta lake la udongo, lita nne kwa dakika, na sasa yalifika kumi na moja. Kibaya zaidi, yalianza kutoka na udongo, maana yake tuta lilikuwa likiliwa kwa ndani. Hayo yote aliyaandika kwenye kiambatisho. Kwenye ukurasa aliandika kwa adabu: "Hali ya tuta inahitaji kufuatiliwa kwa karibu."

Mwenyekiti wa kamati akasema, "Basi lifuatiliwe," na fedha za ukaguzi zikafutwa. Kikao hakikumaliza robo saa. Mheshimiwa yuko nasi hapa, mstari wa mbele, na familia inamshukuru kwa kufika.

Marehemu hakumlaumu mtu. Alijilaumu mwenyewe. "Nilijua wasomavyo," alimwambia mumewe, "na bado nikaandika kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani." Barua tatu alizoandika baadaye zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Alistaafu mwaka 2021.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Agosti 2022, akalazwa mara nne. Safari ya mwisho, binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa akipita kwanza kwenye tuta na ndoo ya lita ishirini, ndipo aje wodini.

"Mama, pumzika kwanza."

"Nitapumzika. Imejaa kwa muda gani?"

"Sekunde arobaini."

"Rangi?"

"Kama chai ya maziwa."

Marehemu akamgeukia mdogo wake, huyu anayewasomea. "Ukisoma wasifu wangu, usinisifu sana. Weka tarakimu. Makaburini hakuna karani wa kuzifungia kabatini." Alifariki tarehe 9 Aprili 2024, saa tisa na dakika kumi alasiri. Mahali hapa mlimani alipachagua mwenyewe. Alisema hataki kuja kuhamishwa.

Inatuuma, jamani. Inatuuma kumpoteza, na inatuuma zaidi kwamba hakuwahi kukosea hesabu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, ndugu wanne, na watu elfu sita wanaolala chini ya tuta lile, ambao wengi wenu ndio hao. Kiambatisho chote kimechapwa kurasa za nyuma za kijitabu mlichoshika. Mvua zimetangazwa kuanza wiki ijayo. Wenye wazee na watoto bondeni, msisubiri barua.

Asubuhi ya leo, kabla ya kuja kumzika mama yake, binti amepita tena kwenye tuta. Ndoo imejaa kwa sekunde ishirini na sita.

Mwenyezi Mungu amjalie pumziko la amani, na atupe sisi muda.